Kocha Aliyebaki Chini

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikuwa anapiga pasi vizibao vya timu juu ya meza ya kulia, na mimi nilikuwa natafuta soksi.

"Fundi," akaniambia, "soksi ziko miguuni."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimezivaa. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza. Nikajifanya sioni. Yeye akajifanya hakukohoa. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi siku zile.

Mlangoni kulikuwa na begi. Begi kubwa, limefungwa zipu, limekaa pale tangu juzi yake. Sikuuliza lina nini. Nilidhani najua. Daktari alikuwa amemkataza kupanda milimani na timu yake, na basi la hospitali lilikuwa linaipeleka timu huko asubuhi ile ile. Mke wangu hakuwa amesema atakwenda, wala hakuwa amesema atabaki. Begi ndilo lililokuwa linasema.

Alimimina chai. Akanisogezea mkate kwa mkono wa kulia, kama anavyotoa pasi ya mpira.

"Daka," akasema.

Nikadaka.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule sikwenda. Haya nayaandika kwa sababu nesi mmoja, tunamwita Sindano, ameniomba. Anasema wachezaji wapya wanaiona picha ya mke wangu ukutani kwenye chumba cha kufulia, nao hawamjui. Nikamwambia mimi si mtu wa maneno. Akasema, "Baba, andika hayo hayo machache uliyonayo." Haya.

Mke wangu aliingia chumba cha kufulia cha hospitali akiwa msichana, akafua mashuka ya wagonjwa mpaka akawa mkubwa wa wafuaji. Alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Ngozi ya vidole imekunjamana, viganja vigumu, na harufu ya sabuni haitoki hata siku ya mapumziko. Nilikuwa namtania kwamba mimi nanuka grisi, yeye ananuka sabuni, kwa hiyo nyumba yetu haichafuki wala haitakati.

Timu aliianzisha kwa kutazama kazi. Wafuaji walikuwa wanarushiana mashuka yaliyoloa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, bila kuangusha hata moja. Akasema, "Mtu anayedaka shuka lililoloa, atashindwaje kudaka mpira?" Akaomba nguzo mbili, akanituma nizichomelee pete, tukazisimika nyuma ya chumba cha kufulia, katikati ya kamba za kuanikia. Mpira wa pete ukaanza. Wakaja manesi, Sindano akiwamo, wakaja wafagiaji, wakaja wa jikoni.

Kutoka mochwari akaja msichana mrefu kupita mlango. Watu walikuwa wanaogopa hata kumpa mkono, kwa ajili ya kazi yake. Mke wangu hakumpa mkono, alimpa mpira. Msichana akanyoosha mikono, akautumbukiza kwenye pete kama anaweka sufuria kwenye rafu. Jina lake likawa Ngazi tangu siku hiyo, na mfungaji wetu akawa yeye.

Vizibao alivishona mwenyewe. Herufi zile za nafasi za wachezaji alizikata kwenye kitambaa cheusi, na kabla ya kuzishona akazipanga nne juu ya kitanda.

"Soma."

"Unanijua. Sisomi."

"D, A, K, A. Sema."

"Daka."

"Umesoma," akasema, akazikusanya akaenda kushona.

Nilikuwa na mvi tayari. Neno langu la kwanza ni hilo. Mengine alinifundisha baadaye, jioni baada ya jioni, na kama kuna kosa humu ni langu, si lake.

Miaka mingi timu ilikuwa inatolewa mapema. Wanarudi wamenuna, yeye anawaambia, "Nguo ikikataa kutakata, inalowekwa tena." Kisha mwaka ule wakashinda, wakashinda tena, na ikaja habari kwamba fainali itachezwa milimani, kwenye mji wa wapinzani wao.

Dereva wa basi la hospitali alikuwa amewahi kufika huko. Alikuja kazini kwangu na mke wangu akiwepo.

"Kule, Kocha, ukipanda ngazi za nyumba ya wageni unaona kama umebeba gunia. Unameza hewa lakini hushibi. Hata pakiti ya biskuti inavimba kama shavu la mwenye jino bovu."

"Na watu wa huko?"

"Wao wanakimbia tu. Wamezaliwa nayo."

Sisi tuko chini, kwenye joto. Mlima tunauona kwenye kalenda.

Mwanzoni alikosea, na kosa lilitokana na kazi yake. Aliwaza hivi: wapi hapa petu pumzi inakuwa shida? Kwenye chumba cha boila, mvuke ukishajaa. Basi akawaingiza wachezaji humo, mlango ukafungwa, wakawa wanarukaruka katikati ya mapipa ya maji moto na mpira mkononi. Mimi nilikuwa nje natengeneza gurudumu la toroli la mashuka. Nilisikia sauti ya Sindano.

"Kocha! Tunafundishwa au tunapikwa?"

"Mnaivishwa!"

Siku ya pili, mama mmoja wa jikoni alitoka humo, akajilaza juu ya rundo la mashuka mabichi, akagoma kuinuka. Akasema yeye amezoea kupika, si kupikwa. Daktari alikuwa anapita. Akauliza kuna nini. Alipoambiwa, alicheka mpaka akavua miwani.

"Kocha, hewa ya kule ni nyepesi, tena kavu, tena baridi. Wewe unawafundisha kuwa samaki halafu unakwenda kuwaachia jangwani."

Mtu mwingine angeona haya. Mke wangu aligeuza beseni, akalipangusa kwa aproni.

"Kaa, daktari. Niambie basi kule kuna nini."

Daktari akakaa juu ya beseni, akamweleza. Akasema bora wangepanda mapema, wakae huko wiki kadhaa mpaka mwili ujifunze.

"Na wagonjwa wako nani atawachoma sindano?"

"Ndiyo hapo," daktari akasema. Basi kama haiwezekani, wafike, siku ya kwanza wapumzike, wasijitie ushujaa. Wanywe maji kabla ya kiu. Atakayeumwa kichwa kisichopoa aseme mara moja. Na wasicheze kule kama wanavyocheza huku.

Hilo la mwisho alirudi nalo nyumbani. Aliketi kizingitini, viatu mkononi.

"Umepoteza nini?" nikamuuliza.

"Natafuta pumzi."

"Wapi?"

"Ndani ya sheria za mchezo."

Sikumwelewa mpaka kesho yake. Kwenye mpira wa pete, ukidaka lazima usimame. Hukimbii na mpira. Una sekunde tatu, kisha uutoe. Wachezaji wetu walikuwa wanadaka na kutoa papo hapo, kama mpira ni kaa la moto. Mke wangu akawaambia zile sekunde ni mali yao na wanazitupa. Udake, usimame, ushushe pumzi, uvute nyingine, utazame, ndipo utoe.

"Watawaharakisha," akawaambia. "Watakimbia ili na nyinyi mkimbie. Mkishindana nao miguu, mmekwisha. Mpira hauna mapafu. Uacheni mpira ndio ukimbie."

Akawapandisha ngazi za hospitali kutoka chini hadi juu wakiwa na marobota ya mashuka, mpaka wanahema. Wakishuka, moja kwa moja uwanjani. Daka, simama, vuta, toa. Mazoezi hayo aliyaleta hadi nyumbani. Akinipa kikombe ananiambia, "Simama kwanza. Vuta."

"Mke wangu, ni chai tu."

"Hata chai."

Wafagiaji wa korido wakalalamika kwamba timu inachafua ngazi. Akawajibu kwamba wanaochafua ni wafagiaji wenzao, wakagombane huko huko.

Yeye alikuwa anapanda pamoja nao. Hapo ndipo ilipojulikana. Siku moja, kabla ya ghorofa ya mwisho, aliketi kwenye ngazi, robota mapajani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Ngazi alimbeba kama mtoto, akamshusha hadi kwa daktari yule yule. Nikaitwa.

Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu. Safari hii hakucheka. Alisema moyo umechoka, na umechoka tangu zamani. Atampa dawa. Ila mlimani asipande.

"Nitakaa tu," mke wangu akasema. "Kocha hachezi. Nitakaa kwenye benchi niwatazame."

"Kocha, kule hata kukaa ni kazi."

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Usiende."

"Nimesikia."

"Nimesikia siyo siendi."

"Najua."

Ngazi akaja jioni ile, ameinama mlangoni, macho mekundu. "Mama, tumekubaliana wote. Usipokwenda wewe, hatuendi. Bila wewe tutashikana mashati tu uwanjani."

Mke wangu akainuka kitini, akamnyooshea kidole ingawa ilibidi atazame juu kama anayetazama dari.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimefuga vifaranga? Toka hapa. Kesho mazoezi, na atakayechelewa atafua soksi za timu nzima!"

Ngazi akatoka akijigonga kichwa kwenye fremu, kama kawaida yake.

Kuanzia kesho yake mke wangu akaanza mtindo mpya. Wakati wa mazoezi anaanika mashuka kwenye kamba za pembeni ya uwanja, kisha anasimama nyuma yake. Huku anaona miguu yao chini ya pindo. Wao hawamwoni. Nikadhani anajipumzisha kivulini. Nikafurahi.

Sindano akidaka alikuwa na desturi ya kutazama pembeni. Akatazama, akaona mashuka.

"Kocha, nitoe wapi?"

Shuka halijibu.

"Kocha!"

Shuka likapepea. Mara ya kwanza walipoteza mipira, wakalaumiana, mmoja akalia. Baada ya siku kadhaa waliacha kuita. Nikamwona mke wangu nyuma ya shuka anahesabu kwa midomo bila sauti, na kila pasi ikitoka vizuri anakung'uta maji vidoleni. Alikuwa na uso ambao sijui niuite nini. Wa mtu anayefurahi na kuumwa kwa pamoja.

Kisha ndipo nikakuta begi mlangoni.

Alasiri kabla ya safari aliniletea mipira ya mazoezi kibandani kwangu.

"Punguza upepo."

"Mpira laini haudundi, Mama."

"Utajikaza huko juu. Dereva kasema vitu vinavimba. Punguza."

Nikachomeka pini ya pampu kwenye tundu, hewa ikatoka ikilia. Yeye akasimama anasikiliza, mkono kifuani.

"Hata mpira unapunguziwa ili uweze kupanda," akasema.

Nikachukua mwingine.

Sasa nirudi asubuhi ile. Tulikunywa chai. Akakunja vizibao, akajifunga kitambaa, akasema, "Nibebee begi." Nikalibeba. Hospitali si mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali. Nilikuwa nimejipanga kusema maneno mengi njiani. Nikasema moja tu: "Jua kali." Ilikuwa bado asubuhi, jua halijachomoza vizuri. Akanishika kiwiko.

Basi lilikuwa linanguruma getini. Wachezaji wamo ndani, vichwa madirishani. Mke wangu akachukua begi mkononi mwangu, akapanda. Nikaona mgongo wake unaingia ndani ya basi. Nikashika nguzo ya geti. Nikajiambia, basi, ameamua. Liwalo na liwe.

Mara nikasikia kicheko ndani. Begi lilikuwa limejaa masweta. Ya majirani, ya wafuaji, ya binti yetu aliyeolewa, ameyakusanya na kuyafua. Alikuwa anapita kiti kwa kiti, anawavika kama watoto wa chekechea. Nikaliona sweta langu la kijivu, ambalo nilikuwa nimelitafuta mpaka nikamlaumu panya. Alilivaa Ngazi. Mikono ya sweta iliishia kwenye viwiko.

Kisha mke wangu akashuka. Begi tupu, amelikunja kwapani. Akaupiga ubavu wa basi kwa kiganja mara mbili, dereva akaondoa gari.

Tulisimama mpaka vumbi likatua.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungeanza kufurahi," akasema. "Na mimi nilikuwa sijamaliza kuhuzunika."

Mechi ilikuwa siku iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kufulia, simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, wafuaji wote wametuzunguka. Mtangazaji alikuwa dereva. Mungu amjalie, anajua kuendesha, lakini kutangaza hajui.

"Wanakimbia! Sasa wamesimama! Ametupa! Mrefu amedaka!"

"Wetu au wao?"

"Kocha, huku wote warefu!"

Robo ya kwanza ilikuwa mbaya. Wenyeji waliwapeleka mbio, wetu wakafuata mbio. Dereva akasema Ngazi ameinama, mikono magotini. Sindano anatazama pembeni. Magoli yakawa yanaingia upande mmoja tu. Filimbi ya mapumziko ikalia.

Mke wangu alisimama. "Mpe simu Sindano! Kimbia umpe!"

Tukasikia viatu vya dereva, tukasikia kuhema kwake. Hata yeye mlima ulikuwa umemkaba.

"Nimefika, Kocha. Huyu hapa. Nimpe?"

Sisi wote tukamtazama. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, mdomo karibu na simu. Nilijua atakachosema, maana nilikuwa nimekisikia nyumbani kwangu asubuhi na jioni. Mfuaji mmoja akanong'ona, "Sema, Mama."

"Hapana," akasema. "Usimpe. Rudi ulipokuwa."

"Kocha?"

"Nikisema sasa, robo ya mwisho watatafuta simu. Rudi!"

Akaketi. Aliushika mkono wangu, na mkono wa mfuaji una nguvu.

Robo ya pili ikaanza. Dereva akasema kwa mashaka, "Kocha, hawa wako wamelala? Wanadaka, wanasimama tu. Wanatazama. Halafu ndiyo wanatoa."

"Wanahesabu," mke wangu akasema, si kwa dereva, kwa ndoo.

Magoli yakaanza kurudi. Moja moja, bila haraka, kama mtu anayeokota vibanio vya nguo. Mwishoni dereva alisahau kutangaza kabisa, akawa anapiga kelele tu, na wafuaji nao wakapiga kelele bila kujua wanashangilia nini. Filimbi ikalia. Tumefungwa, kwa goli moja.

Kisha dereva, sauti imemkauka: "Kocha, wenyeji wanawapigia makofi. Wetu wote wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyelala chini."

Mke wangu alijifuta uso kwa aproni.

"Goli moja," akasema. "Wataloweka tena." Akaingia ndani kukunja mashuka.

Kesho yake alianguka penye kamba, shuka mkononi. Timu iliporudi ilimkuta wodini. Waliingia na masweta yao, kwenye joto lote lile, hakuna aliyekuwa amevua. Alimtazama Ngazi na sweta langu, akacheka bila sauti.

Alikaa wodini siku chache. Kama angepanda, ningesema mlima umemuua. Hakupanda. Moyo ulikoma hapa hapa chini, penye hewa tele. Sina wa kumlaumu, na zamani hilo lilinikosesha raha. Siku hizi nafikiri vingine. Siku zile chache zingekuwa za barabarani, au za mlima. Zikawa zangu.

Sasa kocha ni Sindano. Mwaka uliofuata walipanda tena, na mimi nikawapunguzia mipira upepo. Ngazi alitaka kunirudishia sweta. Nikamwambia akae nalo, limeshanyooka, mimi hata nikilivaa litanimeza.

Nimebakiza moja tu.

Siku yake ya mwisho aliomba chai. Nikafungua chupa, nikaharakisha, nesi alikuwa anakuja na vitu vyake. Kikombe kikaniponyoka, chai ikamwagika juu ya shuka. Nikashika kitambaa, nikakiacha, nikatafuta kifuniko cha chupa, nikaita nesi, nikarudi kwenye kitambaa. Sikujua kipi kianze. Nilikuwa nahema kama niliyefika kule juu. Yeye alinitazama tu. Kisha akaushika mkono wangu, akautuliza juu ya kitanda, akasema:

"Fundi, unakimbilia wapi? Ukidaka, simama kwanza. Sekunde tatu ni zako, hakuna wa kukunyang'anya."